Ng'ombe wa Kisimani

Vitabu vya mwongozo wa fasihi wanavyobeba wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne vina orodha ya ishara ambayo haijabadilika tangu mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Giza ni ujinga, au dhuluma. Jua ni matumaini. Ua ni mwanamke. Mwiba ni matatizo ya maisha. Wingu jeusi ni huzuni, au balaa iliyo njiani. Mwanafunzi anaikariri usiku wa kuamkia mtihani, anaimwaga kwenye karatasi, anapata alama zake, na shairi lenyewe analisahau kabla hajafika getini.

Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Dodoma miaka ya kutosha, na orodha hiyo siilaani. Darasa lililojaa hadi mlangoni linahitaji kitu cha kushika. Ila kila nikifika kwenye wingu jeusi kalamu inasita. Huku kwetu nani anahuzunika akiona wingu jeusi?

Anayeishi kanda hii anajua ninachosema. Mvua yetu ina msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima inaleta kiasi cha milimita 500 hadi 600, tena kwa kuruka ruka: inanyesha siku kadhaa mfululizo, kisha inakata, mahindi yanajikunja majani mchana na kujikunjua usiku, mpaka siku yanaposhindwa kujikunjua. Ndiyo maana wazee waling'ang'ania mtama na uwele hata walipocheka watu wa mikoa ya mahindi. Ikifika Novemba, jua linawaka tangu saa moja asubuhi, kisulisuli cha vumbi kinatembea peke yake katikati ya mashamba yaliyosafishwa, na macho ya kila mtu yako juu. Wingu likianza kujikusanya likawa jeusi kabisa, jeusi la kumtisha mgeni, watu wanatoka nje kulitazama. Katika matambiko ya Wagogo ya kuomba mvua rangi ni hiyohiyo: mnyama anayetolewa ni mweusi, na nguo ni nyeusi. Mbingu nyeupe ndiyo inayotutia hofu.

Na jua nalo liwe matumaini? Mwezi wa kumi? Tafadhali.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba wingu jeusi katika shairi tulilowapa ni "furaha ya mkulima". Shairi lilikuwa la maombolezo, mtu amefiwa. Nilimpa nusu ya alama. Mwalimu mwenzangu alishangaa hiyo nusu imetoka wapi, maana jibu lilikuwa kinyume kabisa cha mwongozo. Nilimwambia mtoto amefanya kazi ambayo wenzake wote hawakuifanya: amelitazama wingu. Wenzake walitazama orodha. Alichokosa ni hatua ya pili, kulirudisha wingu lake ndani ya ubeti na kuona kama linakaa. Halikukaa. Lakini yule aliyeandika "huzuni" bila kuona wingu lolote kichwani hakufika hata kwenye hatua ya kwanza, na yeye mwongozo unampa alama zote.

Hicho ndicho ninachotaka kukitetea hapa. Taswira inapaswa kuanza kukugusa kwa yale unayoyajua mwilini, kwa macho yako na ngozi yako na mahali ulipokulia, hata kama mshairi hakukufikiria kabisa alipokuwa anatunga. Kisha shairi lenyewe lipewe nafasi ya kukubishia.

Shairi ambalo limenizoeza kusoma hivyo halikutungwa karibu na huku. Ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini mwa Kenya ya leo, uliotungwa yapata miaka 200 iliyopita. Pate ulikuwa mji wa biashara uliotajirika, halafu vita na ushindani vikaumaliza. Mshairi anausema moyo wake mwenyewe: mbona unadanganyika na dunia? Kisha anauonyesha dunia ilivyo, picha baada ya picha. Kwanza bahari iliyochafuka: "Suu ulimwengu bahari tesi". Halafu kisima ambacho anayekikaribia anapigwa pembe na ng'ombe asipate kunywa. Halafu vumbi ndani ya mwale wa jua. Halafu mazigazi, yale maji ya uongo yanayomkimbiza mwenye kiu.

Picha hizo zinafuatana, ubeti kwa ubeti. Nilipozisoma kwa mara ya kwanza kilichonishtua ni mfuatano wenyewe. Huyu ni mtu wa kisiwani, kazungukwa na maji ya chumvi pande zote, na alipotaka kuueleza ulimwengu alianza na bahari kama ulivyotegemea. Akaipa ubeti mmoja. Kisha akapanda nchi kavu, na mimi niliyekuwa nimesimama ufukweni nikimsikiliza kwa adabu, sielewi matanga wala mikondo, ghafla nikajikuta niko kwetu. Kisima, vumbi, mazigazi. Ukimwambia mtu wa Bahi, hapa mkoani Dodoma, kwamba beti hizo zimetungwa Bahi hatakubishia, labda abishie lafudhi tu.

Ubeti wa kisima unamaliza hivi: "endao kwegema humta pembe, asipate katu kunwa maiye". Anayesogea karibu anapigwa pembe, na hatayanywa maji yake kamwe. Msomaji wa mjini anaweza kuuona kama kichekesho, ng'ombe amesimama mlangoni kwa maji kama askari. Mimi nimekulia upande wa Bahi, na ng'ombe huyo namfahamu.

Kiangazi mto wa msimu unabaki mchanga mtupu. Maji yapo, ila yako chini. Akina mama wanachagua mahali, mara nyingi kwenye kona ya mto chini ya ukingo, wanachimba kwa jembe, kisha kwa bakuli, kisha kwa mikono, mpaka mchanga ubadilike rangi na kuanza kushikamana. Mwanzoni mwa kiangazi ni shimo la kufika magotini. Kufikia Septemba mchotaji akiingia ndani humwoni, unaona kata tu inapanda na kushuka. Maji yanachuruzika polepole kutoka pembeni. Unachota, unasubiri yajae tena, unachota. Dumu la lita 20 linaweza kukumalizia sehemu nzuri ya asubuhi, na nyuma yako kuna foleni ya madumu. Kuzunguka shimo yanawekwa matawi ya migunga, yale yenye miiba mirefu myeupe, kwa sababu saa sita ng'ombe wanakuja.

Unawasikia kabla hujawaona. Harufu ya maji wameipata wakiwa bado ukingoni, na kuanzia hapo fimbo ya mchungaji haina kazi tena. Wanashuka mchangani kwa kukimbia, vichwa chini, wale waliokonda na mbavu zote nje. Ng'ombe wa namna hiyo hana hasira na wewe. Hata hakuoni. Yeye anaona shimo, wewe uko kati yake na shimo, na kichwa chake kina pembe. Nikiwa mtoto nilitupwa mchangani hivyo na mtamba wa jirani, dumu huku na mimi kule, na kilichoniuma kuliko mbavu ni yale maji yaliyomwagika.

Kwa hiyo Sayyid Abdalla anaponiambia kwamba dunia ni ng'ombe wa kisimani anayepiga pembe, mwili wangu unakubali mara moja. Halafu unakataa. Unakubali kwa sababu pembe ninazijua. Unakataa kwa sababu mshairi, kama ninavyomsoma, anataka nimwone ng'ombe huyo kama adui, hila ya dunia iliyosimama kati yangu na ninachokitamani. Mimi namwona mnyama mwenye kiu. Ikiwa dunia ni yeye, basi dunia hainichukii. Inataka kunywa, kama mimi, na kisima ni kimoja.

Hapo mwalimu wa fasihi aliyemo ndani yangu anauliza: una haki gani ya kusoma hivyo? Swali ni la haki. Kama kila msomaji ataleta ng'ombe wake, shairi litageuka mnada wa Ijumaa, kila mtu anapigia kelele mali yake. Ndipo inapobidi kurudi kwenye utenzi wenyewe, mbele kidogo, na kutafuta kama kuna chochote kinachomsaidia ng'ombe wangu kukaa.

Na kipo. Katikati ya utenzi mshairi anaacha mafumbo ya ulimwengu na kuingia katika majumba ya matajiri wa Pate waliokufa. Kama angekuwa anaichukia dunia tu, angepita hapo kwa dharau. Hapiti hivyo. Anaingia chumba kwa chumba. Anakumbuka taa zilivyong'aa, anakumbuka madaka ya ukutani yalivyopangwa sahani, na jinsi sasa ndani ya madaka hayo wamelala makinda ya ndege. "Nyumba zao mbake ziwele tame, makinda ya popo iyu wengeme." Nyumba zilizokuwa zinawaka zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu. Husikii mnong'ono wala ukelele, buibui wametanda tandu. Hayo si maneno ya mtu aliyekwisha kuachana na dunia. Ni ya mtu anayejua kila sahani ilikuwa shimo gani ukutani. Alizipenda nyumba hizo, na kuonya kwake kote kunatoka kwenye majonzi. Msomaji akishaona hilo, ng'ombe mwenye kiu hawi mgeni kabisa humo ndani. Mshairi naye alikuwa kwenye foleni ya kisima kile.

Hivyo ndivyo ninavyojitetea, na najua kuna wasomi wa utenzi huu watakaoniambia ni shairi la mawaidha, tena la mtu wa dini, na ng'ombe ni ghururi, udanganyifu wa dunia, basi. Sawa. Ghururi nayo inaweza kuwa na kiu.

Ubeti wa vumbi sina ugomvi nao wowote. "Vumbi la muangaza," anasema: jua linapopenya, anayejaribu kulikamata vumbi lile haoni kitu mkononi. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa tembe, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo juu ya magogo. Ndani giza, hata saa saba mchana. Paa likianza kuchoka, panya au mchwa wanafungua tundu dogo, na jua linaingia kwa mstari mmoja mnyoofu kutoka darini hadi kwenye sakafu ya udongo. Ndani ya mstari huo vumbi linacheza. Linapanda, linashuka, linametameta, unaapa ni dhahabu. Tulikuwa tunarusha ngumi humo ndani, kisha tunafungua kiganja polepole kwa kuchungulia. Mkubwa wetu alitufundisha kwamba ukifumba macho wakati wa kukamata utalipata. Tulifumba macho.

Mtoto yeyote aliyelala kwenye tembe bovu ameshausoma ubeti ule kabla hajajua kusoma. Sidhani kama nyumba nzuri ya mawe ya Pate, yenye madirisha na hewa ya bahari, ingeonyesha vumbi vizuri hivyo, lakini hapo nabahatisha kwa kiburi cha nyumbani. Mazigazi nayapita haraka. Kila aliyepanda basi la Singida mchana wa Oktoba ameyaona mbele ya dereva kwenye lami.

Kumbe bahari ndiyo iliyonichelewesha. Ubeti ule unasema ulimwengu ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe. Kwa miaka mingi niliusoma kama mtu anayesoma jina la mtaa wa mji asioujua. Bahari nilikuwa naiwekea bwawa la Hombolo, maana ndilo maji makubwa niliyoyaona, nikaliongezea mawimbi ya kwenye televisheni. Matumbawe niliyawekea mawe. Tuna mawe Dodoma, tena ya kutosha, yamesimama katikati ya mji kama Mlimwa, kwa hiyo sikuona tatizo: chombo kinagonga jiwe, kinazama, dunia ni hatari, endelea ubeti unaofuata.

Niliposhuka pwani nikiwa mtu mzima nilipelekwa Bagamoyo, na kutoka hapo hadi magofu ya Kaole. Kuna msikiti wa kale pale na makaburi yenye nguzo. Niliweka mkono ukutani. Ukuta ulikuwa mwepesi kwa macho, una vishimo vishimo, una michoro midogo ya nyota na mirija, kama kitu kilichowahi kuwa hai. Nilimwuliza aliyetuongoza ni jiwe gani. Akasema ni matumbawe, mama, yanatolewa baharini.

Nilirudi kwenye utenzi usiku uleule nikiwa gesti. Miji ya kale ya pwani hii, pamoja na ya visiwa vya Lamu na Pate, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Kwa hiyo yale yanayotoboa chombo katika ubeti wa bahari ndiyo yaliyojenga kuta ambamo baadaye popo wananing'inia. Tajiri wa Pate alipita juu ya matumbawe kwa jahazi, akanusurika, akaleta sahani kutoka ng'ambo, akazipanga kwenye madaka yaliyochongwa katika kitu kilekile alichokikwepa. Sisemi mshairi alikusudia tuunganishe hivyo. Ubeti wa nyumba haulitaji jiwe lenyewe kwa jina. Lakini yeye na wasikilizaji wake walilala ndani ya kuta hizo, hawakuhitaji kutajiwa. Mimi wa Bahi ndiye niliyehitaji kushika ukuta.

Kwa hiyo mwili wa msomaji hautoshi. Jiwe la Dodoma halikunifikisha hapo, na lisingenifikisha kamwe, hata ningeukariri utenzi wote. Kuna taswira ambazo unaweza kuzibadilishia chakula cha kwenu zikaendelea kuishi, na kuna nyingine ukizibadilisha zinakufa mkononi bila wewe kujua.

Magofu yenyewe nayo yalinifundisha kitu, kwa njia ya kinyume. Tulivyo sisi, nyumba ikifa haiachi popo. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwaleta kwenye vijiji vya pamoja, na kote Ugogo yakabaki mahame. Tembe lisilokaliwa halisubiri: masika mawili matatu, paa la udongo linalowa, magogo yanaoza, kuta zinarudi kuwa ardhi. Ukipita leo na mtu mzima anayepajua atakwambia hapa palikuwa kwa fulani, nawe huoni ukuta hata wa kufika kifundo cha mguu. Unaona mstari wa minyaa iliyokuwa ua, sasa imekuwa mirefu ajabu. Unaona jiwe la kusagia limejikita ardhini na bonde lake katikati, lililolainishwa na mikono ya wanawake ambao sasa wote ni marehemu. Wakati wa mvua bonde hilo linajaa maji na ndege wanakunywa.

Nikisoma beti za majumba ya Pate, hilo ndilo linalonijia, na linanijia kwa wivu kidogo. Popo wanahitaji dari. Kuomboleza chumba kwa chumba kunahitaji vyumba vilivyobaki vimesimama ili mshairi atembee humo. Malenga wa kwetu akitaka kuomboleza mahame atafanya kazi na ua wa minyaa na jiwe moja, na atalazimika kumwambia msikilizaji nyumba ilianzia wapi.

Na malenga wa kwetu wapo. Hili la pwani na bara watu hulikuza mno, hadi unaambiwa ushairi wa Kiswahili ni mali ya pwani na sisi wengine tunaazima. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Ihumwa, alizaliwa 1917 na kufariki 1969. Ihumwa ileile ambayo leo imepakana na Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa ngonjera, zile ambazo kila Mtanzania aliyesoma shule ya msingi amewahi kusimamishwa mbele ya mgeni rasmi kuzighani. Aliandika historia ya Wagogo, akaandika diwani, na akaziweka Injili na Zaburi katika utenzi.

Hilo la Zaburi nimelifikiria sana. Bibi yangu, yule wa tembe, hakusoma ushairi wa pwani hata mstari mmoja, lakini Zaburi alikuwa nazo kichwani, kama wazee wengi wa Kianglikana wa huku. Aliyependa kuliko zote ni ile ya 63: "katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji". Aliisema akiwa anachambua mlenda, akiisema kana kwamba ni taarifa ya hali ya hewa. Mashairi hayo yalitungwa katika nchi ya wachungaji wa mifugo, yenye mawe, miiba na visima vya kugombania. Mgogo anapokutana nayo hahitaji mkalimani. Naamini, na haya ni maoni yangu tu, kwamba Mnyampala alipochukua bahari, yaani aina, za ushairi wa pwani na kuzitilia Zaburi, alipata namna ya kuingiza kiu ya nyumbani kwake katika umbo lililozoea matanga.

Zaburi ya 42 inamtaja ayala anayetamani mito ya maji. Ayala sijawahi kumwona, na bibi hakuwahi kumwona. Yeye alimwekea swala, mwingine atamwekea pofu. Wala hakuna kilichoharibika, kwa sababu ubeti ule unamtumia mnyama yule kwa jambo moja tu, kiu yake, na kiu haina kabila. Ayala anaweza kuwa mnyama yeyote wa porini. Matumbawe hayawezi kuwa jiwe lolote. Sina kanuni ya kutofautisha hayo mawili mapema. Ninachofanya ni kutazama kama shairi linakirudia kitu hicho mbele ya safari, au linakitegemea kimyakimya. Likikitegemea, natafuta nauli.

Kuna wakati hata nauli haisaidii. Ukichukua barabara ya Kondoa mpaka Kolo unafika kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, twiga, pofu, na mingine ya rangi nyeupe iliyochorwa baadaye. Waliochora hawapo, na hakuna mwongozo wa kidato cha nne wa kukuambia yule mtu mwenye kichwa kikubwa ni ishara ya nini. Bado wenyeji wamekuwa wakienda kwenye baadhi ya mapango hayo kufanya matambiko yao, ya mvua na ya uponyaji. Hawakusubiri kujua mchoraji alikusudia nini. Niliwapeleka wanafunzi pale, na mmoja akauliza kama maswali ya michoro hiyo yatatoka kwenye mtihani. Nilipomwambia hayatoki, alitazama mwamba kwa muda mrefu kuliko wenzake wote.

Turudi kwa ng'ombe, maana yeye hajaisha. Nilikwenda Bahi kumsalimia mjomba, mfugaji wa siku zote, mtu ambaye kwake fasihi ni nyimbo za ng'ombe na ngoma za kina mama wakipiga muheme. Tulikuwa tumekaa nje, na kwa kuwa nilikuwa naandika haya nilimsomea ubeti wa kisima. Nikamweleza maneno yaliyomshinda. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo, akaniomba nirudie mwisho.

"Ng'ombe huyo wa nani?" akauliza.

"Shairi halisemi, mjomba."

"Haliwezi kuacha kusema. Ng'ombe hakai kisimani peke yake, mpwa wangu. Akikaa peke yake akapiga watu pembe, anaitwa mwenyewe, mnakaa, anatoa fidia."

Nikamwambia ng'ombe ni dunia. Sayyid anasema dunia ndiyo iliyo hivyo, na mwenye dunia ni Mungu. Nilipomaliza kusema nikaona nimeliacha shauri likielekea mahali ambapo mtu wa dini wa Pate asingependa lielekee. Mjomba naye aliona. Ni mzee wa kanisa. Alichora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, akaufuta.

"Basi hilo la mwenye ng'ombe tuliache," akasema. "Lakini hao wa kisimani. Wanajua ng'ombe yupo, wanajua ana pembe. Miiba hawakuweka kwa nini?"

Nilitazama tena mishororo minne, mmoja mmoja. Nikamsomea ubeti wa vumbi. Huo aliupitisha bila swali.